Vazi na Uso: Mawaidha kwa Mpiga Picha Chipukizi

Ahadi ni deni. Methali hii anaijua kila mtoto aliyepita shuleni. Mimi niliijua nikiwa darasa la tatu, nikaiandikia insha, nikapewa alama nzuri. Hata hivyo sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye ajira ya serikali, na kilichonielewesha hakikuwa kitabu bali kamera. Katika insha hii nakusudia kuwaeleza walimu na vijana wetu machache niliyojifunza juu ya kupiga picha kwa kujifurahisha, pamoja na kosa lililonifunza zaidi kuliko yote.

Naishi Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji wetu uko njia panda. Barabara moja inatoka Arusha, nyingine inakwenda Singida, na ya tatu inashuka Kondoa hadi Dodoma. Upande wa mashariki umesimama mlima Kwaraa, na pembeni mwa mji kuna Ziwa Babati lenye perege na viboko. Katika eneo hili zinakutana lugha za asili mbalimbali: Kiiraqw na Kigorowa ambazo ni za Kikushi, Kibarbaigi ambacho ni cha Kinailoti, Kirangi na Kimbugwe ambazo ni za Kibantu, na mbele kidogo wako Wahadzabe na Wasandawe ambao lugha zao zina vidoko. Siku ya mnada mtu asimamaye mahali pamoja kwa saa moja huwaona watu ambao wataalamu husafiri mabara kuja kuwatazama. Kwa mpiga picha, Babati ni ziwa lenye samaki tele. Lakini samaki hakuulizwa kama anataka kuvuliwa, na binadamu lazima aulizwe.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Zamani mtu aliyetaka picha alikwenda studio kwa hiari yake. Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na vizazi kadhaa vya Wazanzibari vikapita mbele ya kamera yake. Miji ya bara nayo ilipata studio zake, zenye pazia lililochorwa maua na kiti kimoja cha heshima. Mteja alivaa nguo aliyoichagua mwenyewe, akalipa, akaambiwa arudi kesho, akachukua picha yake akaenda nayo nyumbani. Mwenye uso ndiye aliyekuwa mwenye picha. Sisi wapiga picha wa kujifurahisha tumeugeuza utaratibu huo. Ni sisi tunaowafuata watu, tunachagua wavae nini na wasimame wapi, kisha tunaondoka na picha. Siku hizi, kwa kuwa karibu kila kijana ana simu yenye kamera, jambo hili linafanyika kila dakika bila mtu kulifikiri.

Mimi nilipata kamera yangu ya kwanza mwaka 1996, kwa kununua kwa mwenzangu aliyekuwa akihama. Ilikuwa Zenit iliyotengenezwa Urusi, nzito kama tofali. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na bei yake haikuwa mchezo kwa karani wa masjala, kwa hiyo nilifyatua kwa ubahili. Filamu ikijaa nilimkabidhi kondakta wa basi aipeleke Arusha kusafishwa. Barabara ya kutoka Minjingu ilikuwa bado haina lami, na kifurushi kilirudi kimejaa vumbi.

Mwaka 1998, mvua kubwa za El Niño zilipokwisha, nilikwenda kijiji kimoja upande wa Dareda. Huko alikuwako bibi mmoja, Mwiraqw, ambaye nilikuwa nimesikia kwamba bado analo vazi la ngozi lililotiwa shanga, alilolishona kwa mkono wake alipokuwa mwali. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hivyo mjukuu wake, mvulana wa shule ya msingi, akawa mkalimani wetu. Nilieleza shida yangu. Bibi alisikiliza, akanitazama, akamwambia mjukuu maneno machache.

“Bibi anauliza,” mvulana akasema, “hiyo picha itarudi?”

“Mwambie bibi itarudi,” nikajibu.

Bibi akaingia ndani, akatoka amevaa. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Nilikuwa nimeona katika gazeti picha iliyopigwa kutoka chini, mtu akionekana mrefu kama mnara, nami nikataka hivyo hivyo. Nikalala kifudifudi uani, nikamweka bibi mbele ya mbingu nyeupe, nikafyatua mara tatu. Alipokwisha kulivua vazi, aliketi kizingitini amejifunga khanga, akawa anamcheka mjukuu kwa jambo nisilolijua. Filamu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja. Nikafyatua ili iishe.

Picha zilipotoka Arusha, nilichagua moja ya zile tatu nikaagiza ikuzwe. Shanga zilikuwa zikimetameta, na uso ulikuwa kivuli. Wenzangu ofisini waliisifu. Walisema ina siri, na mimi nikakubali kwamba ina siri. Nikaitia katika fremu, nikaandika chini yake “Utamaduni Wetu”, nikaitundika ukutani. Ile ya kizingitini niliiona ya kawaida, kwa hiyo kwa kubana fedha sikuisafishisha. Dareda si mbali na Babati, lakini wiki ikapita, mwezi ukapita, miaka ikapita.

Mwaka 2002 kijana mmoja alifika dirishani pangu masjala.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba.”

“Sijui kama unanikumbuka. Nilikuwa nakutafsiria kwa bibi.”

Bibi alikuwa amefariki. Ndugu walikuwa wamekaa wakakumbuka kwamba maisha yake yote alipigwa picha siku moja tu, na aliyeipiga yuko Babati katika ofisi ya serikali. Nikaitoa fremu ukutani kwa furaha, nikidhani leo nalipa. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

“Vazi tunalo nyumbani, kaka,” akasema kwa upole. “Tulikuwa tunatafuta uso.”

Ndipo nilipoikumbuka ile ya kizingitini. Jioni hiyo niliufungua mkebe wa maziwa ya unga nilimokuwa nikiwekea negativu zangu. Naam, mimi niliyelipwa mshahara kutunza majalada ya watu, zangu nilizitunza katika mkebe. Unyevu wa masika ulikuwa umezigandamanisha zikawa kitu kimoja. Nilipojaribu kuzibandua, utando wenye picha ukabanduka pamoja nazo. Katika ile niliyoitafuta kilibaki kipande cha khanga na mguu wa mlango.

Ndugu msomaji, mawaidha nitakayotoa sasa yametokana na mkasa huo. Kila kosa nililolifanya siku ile lina dawa yake, na dawa zenyewe si ghali.

Kwanza ni mwanga. Babati iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi nne na kidogo tu, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hupita karibu utosini kabisa. Jua la namna hiyo huyatia macho ya mtu kivuli na kuupausha ukuta ulio nyuma yake. Mpiga picha chipukizi afanye kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua linapoelekea ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Dareda. Hapa mjini asubuhi ina hila yake, maana jua hutokea nyuma ya Kwaraa na huchelewa kidogo kutufikia. Kama ni lazima kupiga mchana, mwombe mtu akae mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, akitazama nje. Mlango ni studio ya maskini. Mwanga wa uani humfikia ukiwa laini, na nyuma yake kuna giza tulivu lisiloshindana na uso. Siku ya mawingu usiikimbie, kwa kuwa wingu ni pazia jeupe kwa kazi hii.

Pili ni kupima mwanga kwa ajili ya ngozi zetu. Kamera haijui kilicho muhimu. Hukusanya mwanga wote inaouona, ikatafuta wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya mbingu nyeupe, kamera huitii mbingu na kuuzamisha uso gizani. Tena vyombo hivi havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa wasafishaji wa picha kadi za kupimia rangi, nazo zilikuwa na sura ya mwanamke wa kizungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Haitupasi kukaa tukilalamika. Yatupasa kukijua chombo na kukitawala. Mwenye kamera ya filamu asogee, apime mwanga usoni mwa mtu, kisha arudi mahali pake. Mwenye simu auguse uso ule juu ya kioo, simu itautengeneza mwanga upya kwa ajili yake. Mbingu ikipauka, ipauke. Hakuna atakayekuja dirishani pako kuulizia mbingu.

Tatu, sogea. Wengi wetu husimama mbali kwa aibu, kisha huivuta picha kwa vidole mpaka inaharibika. Miguu ni bora kuliko vidole. Ukisogea utalazimika kuzungumza na mtu, na mazungumzo humlegeza uso kuliko amri ya kumtaka acheke. Bana viwiko kifuani au egemea ukuta ili mkono utulie. Mwenye kamera ya zamani na lenzi ya kawaida asiteremke chini ya moja ya sitini ya sekunde bila kuegemea kitu. Kabla ya kufyatua, tazama nyuma ya mtu, nguzo ya umeme isije ikaota kichwani pake. Vumbi letu nalo ni adui wa lenzi. Lipeperushe au lipanguse kwa brashi laini kwanza, ndipo utumie kitambaa cha pamba kilichofuliwa, maana ukisugua vumbi kavu unasugua mchanga juu ya kioo. Na ukienda ziwani, usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Hakuna picha yenye thamani hiyo.

Nne ni ruhusa. Omba kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na kama huijui, tafuta mkalimani. Mtoto aombewe kwa mzazi wake. Msibani weka chombo mfukoni mpaka wenye msiba wakuite. Mila za jando na unyago, na mambo ya tambiko, yana wenyewe, na kama wamekataa wamekataa. Kambi za jeshi na sehemu nyingine za ulinzi zisipigwe. Taifa letu lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inatukumbusha kwamba mambo yanayomtambulisha mtu si mali ya kila apitaye. Lakini hata kabla ya sheria adabu ilikuwako.

Tano, na hapa naomba walimu wanisikilize kwa makini, ni jina. Nilipoandika “Utamaduni Wetu” chini ya picha ya yule bibi, nilidhani namtukuza. Kumbe nilimfuta. Jina lake nilikuwa sikuliuliza. Nililiuliza siku kijana alipokuja kunieleza kwamba amekwisha kuzikwa.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake imekosa roho. Tangu hapo tumepiga picha nyingi kwa jina la utamaduni, za ngoma, za mavazi, za vibuyu na mikuki. Ni jambo jema. Lakini utamaduni hauvai ngozi wala hauchezi ngoma. Anayevaa na kucheza ni mtu, naye ana jina, ana wajukuu. Chukua picha ambayo karibu kila Mtanzania anaijua, ile ya Aprili 1964 ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Pembeni mwake wapo vijana wanne. Waulize wanafunzi wako majina yao. Ni Hasaniel Mrema, Sifael Shuma, Khadija Abbas Rashid na Hassan Omar Mzee. Picha yenyewe haisemi. Mtu alipaswa kuandika.

Ukishika barabara ya Kondoa kutoka hapa Babati utafika Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, mwamba mmoja baada ya mwingine. Wamo watu wembamba wa rangi nyekundu, wamo wanyama. Nilipofika huko nilisimama nikajiuliza ni nani aliyechora na nani aliyechorwa. Majina hayakubaki. Waliochora walikuwa na udhuru, kwani hawakuwa na maandishi. Sisi tuna kalamu ya risasi, na hatuna udhuru wowote. (Mwendao huko kupiga picha, msithubutu kuumwagia mwamba maji ili michoro ing’ae. Michoro iliyodumu karne nyingi huharibiwa kwa haraka ya mtu mmoja.)

Kwa hiyo nyuma ya kila picha andika kwa kalamu ya risasi, si kwa wino unaopenya: jina la mtu, mahali, tarehe, na jina lako mwenyewe. Kama picha iko ndani ya simu, liandike jina katika daftari siku ile ile. Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Weka nakala mahali pengine mbali na simu, na zile tano au sita unazozipenda zaidi zichapishwe juu ya karatasi. Negativu za zamani, kama baba zenu wanazo, zitoeni kwenye makopo mziweke ndani ya bahasha kavu, kila kipande peke yake.

Sita na mwisho ni kurudisha. Picha isiyorudishwa ni ahadi iliyovunjwa, hata kama imepata sifa mjini. Siku hizi hatuna tena sababu ya filamu wala ya kondakta, na bei ya kuchapisha picha moja haizidi uwezo wa mtu aliyeweza kununua simu.

Kwa walimu nina shauri moja dogo. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya likizo: ampige picha mtu mmoja mzee wa nyumbani kwao, mlangoni, asubuhi, kwa ruhusa yake, aandike jina lake na mahali alipozaliwa, kisha amrudishie nakala. Darasa la wanafunzi arobaini litawapatia wazee arobaini sura zao, na shule itakuwa na hazina ambayo hakuna mgeni atakayekuja kutuuzia.

Nimalizie habari yangu. Mwaka 2003 nilikwenda tena upande wa Dareda. Nilipokewa na binti mkubwa wa marehemu, mama wa makamo, pamoja na yule kijana. Nilieleza kila kitu, pamoja na habari ya mkebe. Mama alinyamaza, akanimiminia chai, kisha akasema, “Basi utupige sisi tuliobaki. Ila safari hii usikae na picha.” Nilimweka kwenye kizingiti kile kile, saa mbili asubuhi. Baada ya wiki tatu nilipanda basi nikaipeleka mwenyewe, na nyuma yake nimeandika majina. Kijana aliitazama akasema pua ni ya bibi. Wengine wakakubali, na mimi nikatazama chini, maana pua ya bibi sikuwa naikumbuka.

Usiku ule nyumbani niliandika ubeti mmoja, ambao sijaupatia wa pili mpaka leo:

Picha ni kama ahadi, haifai kuvunjika,
Ukipiga huna budi, kwa mwenyewe kuipeka,
Mwenye uso ni shahidi, deni lako akumbuka,
Nilipe vipi deniye, na mwenyewe kafukiwa?

Deni lile la kwanza halijalipwa wala halitalipwa. Nyinyi mnaoanza leo mna nafuu, kwa sababu wenyewe mnaowapiga bado wako hai. Basi kabla ya kufyatua, ulizeni jina, na kabla mwezi haujaisha, rudini mlikotoka na picha mkononi.